Fahali Mkali: Apelekwe Machinjioni Lini?

Munyaka, mtaa ulioko upande wa barabara ya Iten mjini Eldoret, ni mahali ambapo zizi la ng'ombe hupakana na nyumba za kupangisha. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024 na ploti zinazidi kukatwa ndogondogo, lakini maziwa ya chai ya asubuhi bado hukamuliwa nyuma ya nyumba. Zamani, katika mashamba makubwa ya Uasin Gishu, fahali mkali alikuwa shida ya mwenyewe na wachungaji wake. Kwenye ploti ya robo ekari ni shida ya mpangaji anayeanika nguo, ya mtoto anayefuata mpira, ya kijana wa bodaboda anayeleta nepia. Ndiyo maana majibu yaliyo hapa chini hayatafuti njia ya katikati. Fahali akishamgeukia mtu, auzwe achinjwe, na asingojewe hadi aumize ndipo shauri likatwe.

Nitajuaje kwamba fahali wangu amekuwa hatari?

Fahali huonya kabla ya kushambulia, na onyo lake la kwanza wengi hawalioni kwa sababu halina kelele. Anasimama ubavu ubavu mbele yako ili umwone alivyo mkubwa. Mgongo unapinda, shingo inavimba, kichwa kinashuka kidogo, macho yanatokeza. Nywele za mgongoni zinaweza kusimama. Baadaye ndipo yanakuja yale ambayo kila mtu anayajua: kuparua udongo kwa kwato, kusugua kichwa au pembe ardhini, kukoroma na kunguruma kwa sauti nzito ya chini.

Kuna dalili nyingine ambazo si za hasira ya wazi, nazo ndizo mfugaji hujidanganya kwazo. Fahali aliyezoea kukupisha sasa anabaki pale pale ukimsogelea. Anakufuata kwa macho kutoka upande mmoja wa zizi hadi mwingine. Anakusukuma kwa paji la uso unapoweka chakula, nawe unacheka ukisema anacheza. Mnyama wa kilo 600 hachezi na mtu. Anapima kama utarudi nyuma.

Akikuonyesha ubavu, usimpe mgongo na usikimbie. Rudi polepole kwa upande huku ukimwangalia, mpaka ufike langoni. Na kama lango liko mbali kiasi kwamba usingelifikia, basi zizi hilo halifai kuwa na fahali hata mpole.

Amenitisha mara moja tu. Si nimpe nafasi nyingine?

Hapana. Marekani, katika majimbo ya Iowa, Kansas, Missouri na Nebraska, wataalamu wa afya walichunguza vifo vilivyosababishwa na ng'ombe kati ya 2003 na 2008. Walikufa watu 21. Kumi kati yao waliuawa na fahali mmoja mmoja. Karibu theluthi ya vifo vyote vilitokana na wanyama ambao walikuwa wameshaonyesha ukali hapo awali. Onyo lilikuwepo, watu wakaendelea kuwasogelea. Mashamba mengi ya kule yana nyua za mabomba ya chuma. Sisi tuna mbao na misumari.

Kumbuka pia kwamba fahali anajifunza. Siku alipokukimbiza ukaruka ua, yeye alishinda, na ushindi huo anauweka. Kiboko hakiufuti. Mara nyingi kumpiga ni kumfundisha kwamba mtu ni mpinzani wa kupigana naye.

Shauri hili lisiachiwe mtu mmoja, hasa yule anayemlisha kila siku. Mazoea humfanya aone upole ambao wengine hawauoni. Mwulize kijana anayekamua, mwulize mama anayepita pale kuchota maji. Wakisema wanamwogopa, wasikilize.

Lakini huyu nilimlea mwenyewe kwa chupa tangu ndama.

Hapo ndipo hatari inapozidi. Temple Grandin, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado aliyetumia maisha yake kuchunguza tabia za mifugo, ameeleza jambo hili kwa miaka mingi: ndama dume aliyelelewa peke yake na watu, bila kukua kati ya ng'ombe wenzake, hukua akidhani watu ni kabila lake. Akibalehe, huwatafuta wapinzani wa kupimana nao nguvu, na wapinzani wake ni watu. Ndama aliyenyonya mama yake na kusukumana na ndama wenzake hupimana nguvu na ng'ombe.

Sasa tazama tunavyofuga Munyaka. Ndama hutenganishwa na mama mapema ili maziwa yauzwe, hunyweshwa kwa ndoo, na hufungwa peke yake kwenye kibanda. Ongeza kwamba mafahali wa aina za maziwa, Friesian, Ayrshire na Jersey, wanajulikana duniani kote kuwa wakali kuliko wengi wa aina za nyama. Kwa hiyo ufugaji wetu wenyewe, bila nia mbaya ya mtu yeyote, ndio unaotengeneza fahali wa kuogopwa. Ndama dume usiyepanga kumtumia kwa mbegu mhasi akiwa mdogo, umnenepeshe akiwa maksai.

Nimwekee kikomo cha umri gani?

Weka tarehe siku unapoamua kumfuga, kabla hujamzoea. Wengi hubadilika kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka mitatu, mara nyingine ndani ya wiki chache. Lakini hata angebaki mpole kama kondoo, hesabu ya uzazi inakupa kikomo chenyewe. Fahali akianza kupanda akiwa na miezi 15, mimba huchukua miezi tisa, kwa hiyo binti zake wa kwanza huzaliwa akiwa na miaka miwili. Mtamba aliyelishwa vizuri huweza kupata joto akiwa na mwaka mmoja au hata chini ya hapo. Maana yake, fahali akigonga miaka mitatu, anawapanda binti zake. Mtoto wa uzao wa damu moja mara nyingi hudumaa, na maziwa hupungua kizazi baada ya kizazi. Muuze kabla ya umri huo, ukali uwepo usiwepo.

Alikuwa mpole, akabadilika ghafla juzi. Nimwite mchinjaji?

Mwite daktari wa mifugo kwanza. Jibu hili ndilo linaloweza kuokoa nyumba nzima, kwa hiyo lisomwe taratibu.

Ukali unaokuja polepole kadiri fahali anavyokomaa ni tabia. Ukali unaoanza ndani ya siku moja au mbili unaweza kuwa ugonjwa, na ugonjwa wa kuogopwa kuliko yote ni kichaa cha mbwa. Ng'ombe huupata akiumwa na mbwa au mnyama wa porini mwenye virusi, na kidonda chaweza kuwa kimepona miezi kabla ya dalili kuanza. Fahali mwenye kichaa cha mbwa hulia mfululizo kwa sauti iliyokauka, hudondosha mate, hushindwa kumeza, hujikamua, hupanda kila kitu kilicho karibu, kisha huanza kuyumba miguu ya nyuma. Kwa kawaida hufa ndani ya siku chache.

Kosa linalorudiwa ni hili: mfugaji akiona mate na kushindwa kumeza hudhani ng'ombe amekwamwa na kigunzi cha mahindi, akatia mkono mdomoni. Usifanye hivyo. Mfungie peke yake, zuia watu na mbwa wasikaribie, na umpigie daktari. Usimchinje, usimuuze, usigawe nyama. Aliyeguswa na mate kwenye kidonda, machoni au mdomoni aoshe kwa maji mengi kwa dakika 15, kidonda kwa sabuni pia, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupewa chanjo. Dalili zikishamwanza mtu, ugonjwa huu karibu hauna tiba.

Maumivu nayo hubadilisha tabia: jipu la kwato, jicho lililoingia upofu, korodani iliyovimba. Hiyo ya mwisho inaweza kuwa brusela, ambayo humpata pia mtu anayekunywa maziwa mabichi. Daktari atakuambia kama ni jambo la kutibiwa au la kumaliza.

Je, pete ya pua, kukata pembe au kuhasi hakutoshi?

Pete ya pua ni ya lazima kwa fahali yeyote anayeongozwa na mtu, na huwekwa kabla hajafikisha mwaka au karibu na hapo. Inasaidia kumwongoza ukiwa na mti wenye ndoano na mtu wa pili. Haimzuii akishaamua. Kukata pembe kunapunguza majeraha ya kuchomwa, lakini fahali asiye na pembe huua kwa kumgandamiza mtu ardhini au ukutani kwa kichwa na uzito wake. Kuhasi fahali aliyekomaa hushusha homoni, ila yale aliyojifunza hubaki, na anayeumia katika kumkamata ni daktari au kijana wako. Kwa fahali aliyekwisha kushambulia, hizi ni njia za kuahirisha.

Nimuuze kwa mfugaji mwingine ambaye ana zizi imara?

Ukimwambia ukweli, hatamnunua. Ukimficha, umemuuzia jirani msiba. Mahakama za Kenya hutumia pia kanuni zilizotokana na sheria za kimila za Uingereza, na moja yake ya zamani inasema kwamba mwenye mnyama wa kufugwa aliyejua ukali wake huwajibika kwa madhara, hata kama hakuzembea. Kwa hiyo siku fahali alipomkimbiza mtu nawe ukaambiwa, wajibu wako ulibadilika. Kusema "hajawahi" hakutakusaidia mbele ya majirani walioshuhudia.

Wako wanaofikiria Kakamega, ambako Waisukha na Waidakho wana mchezo wa kupiganisha mafahali. Mafahali wa kule hulelewa kwa kazi ya kupigana na ng'ombe wenzao. Fahali anayewinda watu si zawadi kwa yeyote.

Alidungwa sindano wiki iliyopita. Naweza kumuuza sasa?

Kila dawa ina muda wa kungoja kabla nyama kuliwa, nao umeandikwa kwenye chupa. Sindano za oksitetrasaiklini za kudumu nyingi huhitaji karibu siku 28, na ivamektini hukaa mwilini kwa wiki kadhaa. Angalia pia dawa ya kupe. Katika siku hizo za kungoja hakuna mtu anayeingia zizini: chakula na maji vipitishwe nje ya ua. Kama haiwezekani kumweka salama hivyo, mwambie daktari wazi, ashauri afanyweje, na usahau faida ya nyama. Fahali aliyetulizwa kwa sindano ili apakiwe lazima mkaguzi wa nyama aambiwe.

Siku ya kumtoa ifanyweje?

Wengi huumia siku hii, wakati wa kupakia. Pesa zikubaliwe kabla, lori lije mchana, na fahali apakiwe kupitia njia nyembamba yenye ngazi ya kupandia, si kwa kuvutwa na vijana kumi wenye kamba. Ukimpeleka pamoja na ng'ombe mtulivu aliyemzoea, huingia kwa urahisi zaidi; lakini asichanganywe na mafahali wageni, watapigana njiani. Watoto na mbwa wafungiwe ndani. Kibali cha kusafirisha mifugo kitoke ofisi ya mifugo, nawe uwe na uthibitisho wa umiliki, kwa kuwa polisi wanaweza kusimamisha lori kwa ajili ya wizi wa ng'ombe.

Usimchinjie nyumbani, hata kama kuna arusi wikendi. Sheria ya Kudhibiti Nyama, Sura ya 356, inataka nyama ya kuuzwa itoke kichinjio chenye leseni na ikaguliwe. Kwenye kichinjio kizuri fahali huzimishwa fahamu kabla ya kisu. Nyumbani hakuna kifaa hicho, kuna kamba na ujasiri. Apewe maji na apumzike kabla ya kuchinjwa. Fahali aliyechinjwa akiwa amehangaika humaliza sukari ya misuli, na nyama yake hutoka nyeusi, ngumu, isiyodumu buchani. Mnunuzi anayelijua hilo atakulipa kidogo.

Na ng'ombe wangu watapandwa na nani?

Kwa mwenye ng'ombe wawili au watatu, fahali hula karibu sawa na ng'ombe wa maziwa bila kutoa hata kikombe. Badala yake kuna uhimilishaji: kituo cha mbegu cha Kabete kilichoanzishwa 1946 bado kinazalisha mbegu hadi leo, na wataalamu wa kupandisha wanafika mitaani kwa pikipiki. Anayelalamika kwamba mbegu hazishiki mara nyingi huwa ameita kwa kuchelewa: ng'ombe aliyeonekana na joto asubuhi apandishwe jioni, na wa jioni apandishwe asubuhi inayofuata. Andika saa ulipomwona akisimama apandwe na mwenzake. Kwa njia hii unaepuka pia brusela na magonjwa mengine ambayo fahali wa kuazimwa hubeba kutoka boma hadi boma.

Kama fahali wako ameshamgeukia mtu, mpigie daktari wa mifugo leo ampime, kisha mtafute mnunuzi wa kichinjio. Na mpaka lori liondoke, lango lifungwe kwa kufuli na mtoto asitumwe upande huo hata kwa dakika moja.