Lenzi Ndefu na Sura za Watu wa Rumonge

Mwaka huu chama chetu cha picha kilipata lenzi mpya ya kuvuta, ile ambayo wapiga picha huiita zumu, ya milimita 70 hadi 300. Wengi walipoiona mikononi mwetu kando ya ziwa waliuliza kama twaweza kuona nayo watu wa ng'ambo ya Kongo. Hatuwezi. Milima ya Kongo twaiona vizuri, watu wake hatuwaoni, wala lenzi hii hatukuitaka kwa kazi hiyo. Kwa miezi mitatu tumeitumia kujifunza kupiga picha za sura za watu nje, penye jua na upepo, nami nataka kueleza tuliyoyapata ili atakayeishika baada yetu asianze mwanzo.

Watu husema kwamba lenzi ndefu huupendeza uso na lenzi fupi huuharibu. Si kweli kamili. Kinachoubadili uso ni umbali kati ya mpiga picha na mtu anayepigwa. Chukua rula upime: kutoka ncha ya pua mpaka usawa wa sikio ni kama sentimita 12. Ukisimama sentimita 60 mbele ya mwenzako, kama wafanyavyo wenye simu, pua yake iko sentimita 60 kutoka kwako na masikio yake sentimita 72. Gawanya 72 kwa 60, utapata 1.2, ndiyo kusema pua itaonekana imezidi kwa sehemu ya tano ikilinganishwa na masikio. Sasa rudi nyuma mpaka mita 3. Hesabu ni 312 kwa 300, yaani 1.04, na pua imerudi mahali pake. Ungeweza kusimama hapo hapo na lenzi fupi, kisha ukaikata picha baadaye, na uso ungekuwa na umbo lile lile. Ila ungetupa sehemu kubwa ya picha na iliyobaki ingekuwa hafifu. Kazi ya lenzi ndefu, basi, ni kukuruhusu usimame mbali huku uso ukiijaza picha.

Tulipima kwa utepe ili tujue mbali ni wapi. Kamera yetu ina sensa ndogo kuliko filamu ya kale ya milimita 35. Ukiisimamisha wima, ukataka kichwa na kifua cha mtu, kwa milimita 70 utasimama kama mita 1.8, kwa milimita 135 kama mita 3 na nusu, na kwa milimita 300 zaidi ya mita 7 na nusu. Hapo ndipo tulipoamua kwamba kwa sura ya mtu mmoja milimita 100 hadi 135 zatosha, na sababu yetu haimo katika vitabu vya kamera. Kwa mita 3 na nusu unaweza kuzungumza na mtu kwa sauti ya kawaida. Kwa mita 7 na nusu, alasiri upepo unapovuma kutoka ziwani, hapana budi upige kelele, na mtu anayepigiwa kelele hukaza uso kama anayehojiwa. Milimita 300 zinafaa kwa mtu aliye kazini ambaye amekwisha kukubali na hataki kusumbuliwa, kama mvuvi anayekusanya nyavu mtumbwini.

Lenzi ikirefuka, mtetemeko wa mkono nao hukuzwa. Kanuni ya kale yasema kasi ya mlango wa kamera isipungue sehemu moja ya urefu wa lenzi: kwa milimita 300, sehemu ya 300 ya sekunde. Kwa sensa ndogo ongeza nusu yake, kwa hiyo sisi hutumia sehemu ya 500. Hata kwa milimita 135 hatushuki chini ya sehemu ya 250, kwa sababu mtu naye hupumua, hucheka na kupepesa macho. Fokasi tunaiweka kwenye jicho lililo karibu zaidi. Sikio likififia hakuna atakayelalamika, lakini jicho likififia picha imekwisha.

Sasa tundu la kuingizia mwanga. Upana wake hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa namba ya tundu. Kwa 300 na namba 5.6 tundu lina upana wa karibu milimita 54, kuzidi kidogo yai la kuku. Kwa 70 na namba 4 ni milimita 17 na nusu, kama kifungo cha koti. Mwalimu wetu wa fizikia alituonyesha jambo zuri sana hapa. Ukimwekea mtu fokasi, kila nukta ya mlima wa mbali hutawanyika ikawa duara, na duara hilo, likilinganishwa na uso wa yule mtu, lina upana sawa na tundu lenyewe. Ndiyo sababu kwa lenzi ndefu milima ya Kongo huyeyuka nyuma ya mtu kama rangi iliyomwagiwa maji. Wapiga picha wengi hupenda hivyo siku zote. Mimi sipendi siku zote. Ukiyeyusha kila kitu, mama anayeanika ndagala Rumonge atakuwa sawa na mtu aliyesimama mbele ya pazia mji wowote duniani.

Habari ya mwanga inataka maelezo marefu zaidi, maana pwani yetu ina tabia yake. Ziwa liko magharibi na milima ya Mumirwa iko mashariki. Asubuhi jua huchelewa kuipita milima, na kwa muda huo ufuo wote umo katika mwanga laini usio na vivuli vikali, wakati ule ule mitumbwi inaporudi kutoka uvuvi wa usiku na akina mama wanapopokea ndagala na mukeke. Hakuna saa iliyo bora kwa sura. Jua likishapanda kidogo juu ya milima, mtu aliyelipa ziwa mgongo huwa na mwanga usoni na maji ya buluu nyuma yake. Jioni mambo hugeuka: jua liko juu ya Kongo, na mtu akilipa ziwa mgongo uso wake huwa mweusi. Mgeuze atazame ziwa, wewe usimame upande wa maji, na nyuma yake iwe michikichi na vilima vilivyopata rangi ya dhahabu. Wenzetu wa Mombasa na Dar es Salaam, ambao bahari yao iko mashariki, waigeuze kanuni hii.

Saa sita mchana usijaribu juani. Tuko karibu digrii 4 kusini ya ikweta, na mwezi wa Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba jua hupita juu ya utosi kabisa. Macho huwa mashimo mawili. Mpeleke mtu ukingoni mwa kivuli cha mwembe, atazame nje penye mwanga. Mchanga ulio mbele yake utarudisha nuru chini ya kidevu, na kama hautoshi mwenzako ashike shuka nyeupe usawa wa kiuno. Kiangazi, kuanzia Juni, ukungu wa vumbi na moshi huifunika milima ya Kongo, msiisubiri.

Kamera nayo hukisia vibaya. Imetengenezwa kudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa, ni kijivu. Ziwa linalong'aa likijaza nyuma ya mtu, kamera hupunguza mwanga na uso hutoka giza. Ongeza hatua moja au moja na nusu. Penye giza, kama ndani ya shamba la michikichi, hufanya kinyume, na paji la uso huungua likawa doa jeupe, hapo punguza. Katika ngozi nyeusi ni mng'ao wa shavuni na puani unaoonyesha umbo la uso, kwa hiyo nuru itoke upande mmoja, isimwagike sawasawa kila mahali. Historia ya jambo hili ina aibu yake. Tangu miaka ya 1950 kampuni ya Kodak iliwapelekea mafundi wa kusafisha picha kadi zenye sura ya mwanamke Mzungu, zikaitwa kadi za Shirley, ili wapimie rangi kwake. Watu weusi wakatoka kama vivuli. Imeandikwa kwamba Kodak ilihimizwa kutengeneza filamu bora na wenye viwanda vya chokoleti na vya samani za mbao, waliolalamika kuwa bidhaa zao hazionekani vizuri. Chokoleti ilisikilizwa kabla yetu.

Kuhusu utunzaji nitasema machache. Usibadili lenzi ufuoni penye upepo. Mchanga upulizwe kwanza kwa kipira cha hewa, usifutwe kwa shati. Sanduku la kamera liwe na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu vipya, maana ukungu hupenda vioo vya lenzi.

Linabaki jambo ambalo chama chetu kilijadili kwa jioni nzima. Kwa milimita 300 waweza kusimama mita 25 kutoka kwa mtu ukampiga mwili mzima asijue. Wengine walisema hivyo ndivyo sura hutoka bila kujitengeneza. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliokataa, nikatoa mfano wa Sharbat Gula, yule msichana wa Afghanistan aliyepigwa na Steve McCurry mwaka 1984 katika kambi ya wakimbizi ya Nasir Bagh, Pakistan. Lenzi yake ilikuwa ya milimita 105, karibu sawa na umbali tunaoupenda sisi. Picha ilitoka katika gazeti la National Geographic la Juni 1985 na dunia nzima ikaijua. Mwenyewe aliiona mara ya kwanza mwaka 2002, alipotafutwa akapatikana, ndipo hata jina lake likajulikana. Naye alikumbuka kwamba siku ile alikuwa na hasira, kwa kuwa aliyempiga alikuwa mgeni kwake. Basi tulikubaliana hivi: kwanza salamu na ruhusa, kisha picha, kisha nakala ya karatasi kwa mwenye sura. Bandarini na penye askari hatupigi kabisa bila ruhusa ya wakubwa wa mahali.

Nakala hiyo ina uzito huku kwetu kuliko wanavyofikiri wenye simu. Katika machafuko ya 1972 watu wengi wa pwani hii walikimbilia Tanzania, na wengine walirudi baada ya miaka zaidi ya 30. Mwaka 2024 ziwa lilipopanda likaingia katika nyumba za kando, vitu vya karatasi ndivyo vilivyoharibika kwanza. Fundi mmoja wa mitumbwi, aliyevushwa kwenda Kigoma akiwa mtoto, alituambia picha pekee ya baba yake ilibaki ndani ya nyumba waliyoikimbia. "Wajukuu wananiuliza babu yangu alifanana na nani," alisema, "nami sina cha kuwaonyesha. Mimi wasije wakaniulizia hivyo."

Alitaka mtumbwi anaoutengeneza uonekane, hata mbao zihesabike. Tulipiga asubuhi, kwa milimita 85 na namba ya tundu 11, mtumbwi ukiwa mita 2 tu nyuma yake, naye akishika randa. Tulichapa nakala mbili. Moja alimpelekea dada yake aliyebaki Kigoma; ya kwake alituomba tuitie plastiki, kwa ajili ya maji.