Somo la Familia: Moto wa Mlima na Uzuri wa Ziwa

Someni pamoja Zaburi 104. Inataja ndege wa matawini, inataja pia milima inayofuka moshi.

Sisi tuliokimbia Goma tarehe 17 Januari 2002 tunaujua moshi huo. Usiku tulizoea kuutazama mlima Nyiragongo, mawingu yake mekundu, tukaufurahia. Siku ile moto uleule ulishuka ukapita katikati ya mji. Tulipofika Gisenyi, Ziwa Kivu lilikuwa zuri mno hata tukaona haya kulitazama. Nalo lina gesi vilindini. Na kule nyumbani watoto tuliwakataza kulala mabondeni kwa sababu ya mazuku, hewa inayoua bila harufu.

Mbona mtunga zaburi aliyaweka yote katika wimbo mmoja? Jadilini; watoto waanze.