Somo kwa Bodi na Makarani: Kulikagua Deni la Lori na Kusahihisha Makosa Yake

Katika vituo vya kununulia mazao mkoani Singida hakuna mkulima anayekubali gunia lake la alizeti lipimwe bila yeye mwenyewe kuitazama mizani. Lakini taarifa ya benki inayoonyesha deni la lori la chama aghalabu hukunjwa na kutiwa katika mtoto wa meza kabla haijasomwa. Mizani ikikosea, chama hupoteza kilo chache. Taarifa ya deni ikikosea, na kosa likaachwa likue, lori lenyewe laweza kukamatwa mwezi wa Juni, wakati alizeti imejaa vijijini na kila siku ya kungoja usafiri ni hasara kwa mkulima.

Yafaa kwanza Bodi ifahamu namna riba inavyohesabiwa. Na ichukuliwe mfano wa chama cha msingi kilichokopa shilingi 36,000,000 kwa miezi 36, kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, yaani asilimia moja na nusu kwa mwezi. Endapo mkataba unasema riba itatozwa juu ya salio linalopungua, na mtaji unalipwa shilingi 1,000,000 kila mwezi, riba ya mwezi wa kwanza ni shilingi 540,000, ya mwezi wa pili 525,000, na huendelea kushuka kwa shilingi 15,000 kila mwezi hadi mwisho. Jumla ya riba yote ni shilingi 9,990,000. Lakini endapo riba inatozwa juu ya mkopo wa awali pasipo kupungua, chama kitalipa shilingi 540,000 kila mwezi kwa miezi yote 36, yaani shilingi 19,440,000. Tofauti ni shilingi 9,450,000, na yote imefichwa ndani ya maneno machache ya mkataba. Kwa hiyo kabla ya kulalamika kwamba benki imekosea, hapana budi karani aufungue mkataba na kusoma ni riba ya namna gani iliyotiwa sahihi. Si kila deni kubwa ni kosa. Mengine ni mapatano mabaya, na mapatano mabaya hayasahihishwi kwa barua.

Sasa lije kosa lenyewe. Katika mwezi wa saba salio la chama hicho ni shilingi 30,000,000, na marejesho ya mwezi huo ni shilingi 1,450,000, yaani mtaji 1,000,000 na riba 450,000. Mtunza hazina analipa kwa siku yake, lakini fedha zinaingizwa katika akaunti ya mazao ya chama badala ya akaunti ya mkopo. Kwa macho ya benki chama hakikulipa. Mkataba unaruhusu adhabu ya asilimia mbili ya kiasi kilichochelewa, hivyo inatozwa shilingi 29,000. Riba ya mwezi wa nane nayo inahesabiwa juu ya shilingi 30,000,000 badala ya 29,000,000, na hiyo ni ziada ya shilingi 15,000.

Mwezi wa nane chama kinalipa shilingi 1,435,000 kama kawaida. Benki inakata kwanza adhabu, kisha riba ya miezi miwili, shilingi 900,000, na zinazobaki 506,000 tu ndizo zinazopunguza mtaji. Leja ya chama inasema salio ni shilingi 28,000,000. Taarifa ya benki inasema 29,494,000. Hapo ndipo vyama vingi hujidanganya. Huomba warudishiwe zile shilingi 1,450,000, benki hukubali, na wote huona shauri limekwisha. Lakini shilingi 44,000 zilizozaliwa na kosa zimebaki, nazo zitazaa riba na adhabu nyingine. Ombi sahihi ni kwamba malipo yahesabiwe kuanzia tarehe fedha zilipopokelewa, na kila tozo iliyofuata kosa hilo ifutwe.

Makosa mengine ni mepesi kuyaona. Chama kimekata bima kubwa ya lori chenyewe, na benki nayo imekitoza bima ileile. Au mkopo umekwisha lipwa, lakini kadi ya gari haijarudishwa kwa sababu ya shilingi chache ambazo hakuna awezaye kueleza zimetoka wapi.

Malalamiko na yaandikwe. Maneno ya mdomo dirishani hayana shahidi. Barua itaje namba ya mkopo, tarehe, kiasi na tozo inayopingwa, iambatishwe nakala za stakabadhi, na nakala moja ya barua igongwe mhuri wa kupokelewa. Stakabadhi halisi zisitoke ofisini. Jambo hilo liingizwe katika muhtasari wa kikao cha Bodi, ili mkaguzi wa COASCO atakapofika alikute limeandikwa.

Wakati shauri likiendelea, chama kisiache kulipa kiasi kisichobishaniwa. Kugoma kulipa kwa sababu ya shilingi 44,000 ni kuipa benki haki ambayo haikuwa nayo. Tena benki hupeleka habari za wakopaji katika kumbukumbu za taarifa za mikopo, na jina la chama likiandikwa humo kuwa ni mdaiwa sugu, mkopo wa pembejeo wa msimu ujao waweza kukataliwa. Kwa hiyo barua iombe pia kumbukumbu hizo zisahihishwe.

Benki isipojibu, au ikijibu bila kuridhisha, chama chaweza kulipeleka lalamiko Benki Kuu ya Tanzania, ambayo ina tawi Dodoma. Kanuni za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha humtaka mteja aanze kwanza kwa benki yake. Ndiyo sababu ile nakala yenye mhuri ina thamani. Mwanachama aliyekopeshwa pikipiki na SACCOS yake ataanza kwa Bodi ya SACCOS, na asiporidhika atamwendea Mrajis. Yeye hulipa kwa simu mara nyingi, na simu hupotea: namba ya muamala na aiandike daftarini siku ileile.

Maswali ya kujadiliwa na Bodi pamoja na karani: Katika mkopo wa mfano huu, riba halali ya mwezi wa 20 ni shilingi ngapi? Je, leja ya mkopo wa chama ililinganishwa lini na taarifa ya benki kwa mara ya mwisho, na ni nani aliyetia sahihi?