Maudhui ya Uhuru wa Mtu Binafsi katika Kusadikika na Shamba la Wanyama

Mtahiniwa akiulizwa kuhusu uhuru, aghalabu hukimbilia uhuru wa bendera: mkoloni alikuja, akapingwa, akaondoka. Hoja hiyo ni sahihi, lakini ni nusu ya jibu. Nusu ya pili inamhusu raia na mtawala wake mwenyewe. Je, mtawala ana mipaka? Raia anaweza kusema, kujitetea na kufaidi jasho lake bila kuomba ruhusa? Haya ndiyo maudhui ya uhuru wa mtu binafsi.

Kusadikika (Shaaban Robert, 1951)

Karama anashtakiwa kwa kuanzisha mafunzo ya sheria. Mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Maudhui yanajitokeza hivi:

(i) Haki ya kusikilizwa. Wajumbe sita walitumwa pande sita: mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini. Walirudi na maarifa ya kuifaa nchi, wakatiwa kifungoni badala ya kushukuriwa. Karama anatumia siku sita kueleza visa vyao barazani.

(ii) Mipaka ya mamlaka. Utetezi wa Karama unadai kwamba mshtakiwa asihukumiwe kwa matakwa ya mkubwa tu. Hatimaye anashinda kesi.

(iii) Uhuru wa fikra. Jina la nchi linatokana na "kusadiki", yaani kukubali bila kuhoji. Majivuno na Karama nao ni majazi. Majina yao yanaafiki tabia zao.

Tahadhari: usiandike kwamba Karama anapinga kuwepo kwa serikali. Anapinga serikali isiyohojiwa. Tofauti hiyo huweza kukupa au kukunyima alama.

Shamba la Wanyama (George Orwell, 1945, tafsiri ya Fortunatus Kawegere, 1967)

Wanyama wanamfukuza mwenye shamba. Uhuru wa bendera umepatikana! Amri saba zinaandikwa ukutani. Kisha nguruwe wanashika hatamu, na amri zinabadilishwa kimyakimya, moja baada ya nyingine. Farasi mwenye bidii kuliko wote anafanya kazi hadi nguvu zinamwishia, halafu anauzwa. Jasho lake halikuwa lake.

Linganisha: Kusadikika, sheria ya kumlinda raia inatafutwa, shambani, sheria ipo lakini inachezewa. Hitimisho ni moja: sheria haimlindi raia asiyeweza kuuliza, "Nani ameibadilisha?"

Utavipata wapi bila kulipa?

Nchini Kenya, hakimiliki ya kazi ya fasihi hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Orwell alifariki mwaka wa 1950, Shaaban Robert mwaka wa 1962. Hesabu mwenyewe: muda wa Orwell uliisha na mwaka wa 2000, wa Shaaban Robert na mwaka wa 2012. Matini ya Kiingereza ya Orwell inasomwa bure katika tovuti ya Project Gutenberg Australia.

Tafsiri ya Kawegere ni jambo jingine. Mfasiri ana hakimiliki yake mwenyewe, hata kama muda wa mwandishi asilia umeisha. Iazime katika maktaba ya shule au ya umma, na uulizie Kusadikika papo hapo. Ukitumiwa kitabu kizima kwenye simu, jiulize kwanza ni jasho la nani. Hatuwezi kumlilia farasi wa shambani huku tukimpora mfasiri.

Swali la marudio

"Sheria bila mtu wa kuihoji ni pambo la ukutani." Thibitisha ukirejelea kazi zote mbili. (alama 20)

Mwongozo: toa hoja kumi, tano kutoka kila kazi, kila moja alama 2. Kila hoja itaje mhusika na tukio. Hoja isiyo na mfano haikamiliki.