SOMO LA LIKIZO: GONGA KWANZA, LIPA BAADAYE
Kununua kazi za mikono kisiwani Trinidad

Likizo inakaribia, na wengi wetu tunaosoma huku Marekani tumeshaanza kuulizia tiketi za visiwa vya Caribbean, maana nauli yake si kama ya nyumbani. Kila anayekwenda ana orodha ya zawadi: mama, wifi, profesa, jirani wa bwenini. Na pesa yenyewe ndiyo ile ya posho.

Mwaka jana warsha ya wahandisi ilinipeleka Trinidad, nikabakiza siku nne za kuzunguka Port of Spain. Nimeona niwaandikie somo fupi. Jambo kubwa ni moja tu: zawadi ina maana pale ambapo mikono iliyoitengeneza imelipwa. Mengine yote ni namna ya kuitambua mikono hiyo.

1. Jua unanunua nini

Zawadi inayouzwa kila kona Trinidad ni ngoma ya chuma. Wenyeji huiita pan; hapa nitaandika pani. Utaikuta ndogo kama kisahani cha chai, nyingine imefanywa saa ya ukutani, nyingine hereni.

Lakini pani si pambo tu. Mwaka 1881 polisi wa kikoloni walipambana na watu wa Port of Spain katika sherehe za Canboulay, na miaka michache baadaye serikali ikazibana ngoma za ngozi kwa sheria. Watu wakageukia mianzi, wakawa wanaigonga chini itoe mlio. Miaka ya 1930 wakahamia kwenye mabati: makopo ya biskuti, vifuniko vya mapipa ya taka. Baada ya Vita Kuu ya Pili likashika usukani pipa la mafuta la lita 208, na kisiwa chenye visima vya mafuta hakikuyakosa mapipa. Ellie Mannette ni mmoja wa vijana waliolibonyeza ndani likawa bakuli. Mwaka 1951 kundi la TASPO lilikwenda kupiga London. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Agosti kuwa siku ya pani duniani, na mwaka 2024 bunge la Trinidad na Tobago likaitambua pani kisheria kuwa ala ya taifa.

Kwa hiyo mtu akikuuzia kibakuli cha bati kilichopakwa rangi akadai ni pani ya fundi, anafanya mchezo na jasho la watu.

2. Fundi anafanyaje kazi

Hapa ndipo sisi wa uhandisi tunapofurahi. Fundi huanza na kitako cha pipa. Hukipiga nyundo mpaka kinadidimia kama bakuli. Chuma hunyumbuka na kuwa chembamba kuelekea katikati. Kisha huchora mipaka kwa tindo butu ili kila noti itikisike yenyewe bila kuisumbua jirani yake. Hukata ubavu wa pipa: mfupi kwa sauti za juu, mrefu kwa besi. Halafu huliweka motoni kwa muda na kuliacha lipoe, chuma kikakaza. Mwisho ni kazi ya sikio. Hugongagonga kila noti, juu na chini, mpaka itoe sauti yake pamoja na nyingine yenye masafa mara mbili. Hiyo sauti ya pili ndiyo inayosaidia kuipa pani ule mlio wake mtamu.

Ukishaelewa hayo, vipimo vinne vinakutosha sokoni:

(a) Pindua. Kazi ya nyundo huacha alama. Iliyobanwa na mashine kwa kawaida ni laini kama sufuria mpya. Si dhambi kuinunua, ila usiilipie bei ya kazi ya mkono.

(b) Gonga. Omba kijiti chenye ncha ya mpira, usitumie sarafu. Gonga noti moja, kisha jirani yake. Zikilia sawasawa, hizo noti zimechorwa kwa rangi tu.

(c) Pima. Kama kwenye noti kumeandikwa herufi za muziki, fungua programu ya kupima sauti kwenye simu yako uone kama zinalingana.

(d) Uliza. Nani ameitengeneza? Nani ameiweka sawa sauti yake? Mwenye mali halali atakutajia jina au mtaa. Mwingine atakwambia "ya hapa hapa" halafu akuonyeshe fulana.

Ukitaka mafundi wenyewe, nenda kwenye viwanja vya mazoezi ya makundi ya pani. Wiki za kabla ya Kanivali watu hufanya mazoezi usiku kwa ajili ya Panorama, mashindano yaliyoanza mwaka 1963. Sikiliza kwanza, kisha ulizia fundi wao.

3. Kupatana bei si vita

Jamani, kule si Kariakoo. Kwanza, ukiingia dukani au ukifika mezani, salimia kabla hujashika kitu. Usishangae usiku ukikaribishwa kwa maneno ambayo sisi tungeyatumia kuagana, "good night". Kwao ni salamu.

Pili, piga hesabu. Tuchukue mfano wa kubuni. Pani ndogo inauzwa dola 240 za Trinidad. Dola moja ya Marekani ni karibu dola 7 za huko. Tuseme chuma na kuchovya kromu vimekula dola 60, na fundi ametumia saa 6:

(240 − 60) ÷ 6 = dola 30 kwa saa.

Sasa wewe unakaza mpaka anakuachia kwa 150:

(150 − 60) ÷ 6 = dola 15 kwa saa.

Kima cha chini cha mshahara kilichowekwa huko Januari 2024 ni dola 20.50 kwa saa. Yaani "ushindi" wako wa dola 13 za Marekani umemshusha fundi chini ya mshahara wa chini kabisa. Afadhali kununua kitu kimoja kidogo kwa bei yake kuliko vitatu vikubwa kwa kumkamua mtu. Kama mkoba hauruhusu, sema hivyo kwa heshima, uondoke.

Msinione mkali. Sisi wenyewe tunayajua haya. Mwaka 2001 Marekani ilitoa hataza juu ya njia ya kutengeneza pani kwa shinikizo la maji, na Trinidad watu wakapiga kelele. Wenzetu Wakenya nao wanakumbuka jinsi kampuni moja ya Uingereza ilivyotaka kulisajili jina la kikoi liwe alama yake ya biashara, kati ya 2006 na 2008. Kazi ya watu maskini ikishapendwa, wa kwanza kunufaika huwa si wao. Mnunuzi naye anahesabika.

4. Vya kuacha mezani

Bangili au kitana cha gamba la ng'amba, usiguse. Ni yule yule ng'amba wa Mafia na Lamu, na mkataba wa CITES unakataza biashara yake ya kimataifa. Matumbawe meusi nayo yanadhibitiwa na mkataba huo huo; bila kibali yaache. Shanga za mbegu nyekundu zenye doa jeusi ni nzuri machoni, ila nyingine zina sumu kali zikitafunwa, kwa hiyo usimpelekee mtoto. Kibuyu kilichochongwa ni zawadi safi na nyepesi. Chao hutokana na tunda la mti, siyo mmea unaotambaa kama mung'unye wetu. Hakikisha kimekauka na hakina udongo wala mdudu.

5. Kufunga mizigo

Pani iende nawe ndani ya ndege, imefungwa kwa nguo, uso wake usikandamizwe. Kigongo kimoja kinatosha kuipotezea sauti. Omba risiti yenye jina la muuzaji, na kwenye forodha taja kila ulichonunua, hasa vya mbao na mbegu.

Zoezi

Chukua zawadi yoyote uliyokuja nayo kutoka nyumbani: kinyago, kiondo, mkeka, kanga. Jibu maswali matatu. Nani ameitengeneza? Imemchukua saa ngapi? Katika bei uliyolipa, yeye amepata kiasi gani? Njoo na majibu kwenye kikao chetu kijacho tuyajadili. Anayekwenda Trinidad, safari njema, na asisahau kutusalimia usiku kwa lugha yao.