Dondoo muhimu: Jumapili ya kwanza usharikani
Umehamia mjini na unatafuta usharika wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania)? Ukiwa na watoto, ulizia mapema saa za ibada na za Shule ya Jumapili. Ibada ya kwanza mara nyingi ni ya asubuhi sana. Kitabu cha Tumwabudu Mungu Wetu kina nyimbo pamoja na liturujia, na kama huna, jirani hakunyimi. Matangazo huwa marefu, vumilia. Hapo ndipo wageni husimamishwa: jina na ulikotoka vinatosha, hotuba si lazima. Bahasha za wenyeji zisikutishe, sadaka ni hiari. Baada ya baraka usikimbie. Nje mara nyingi kuna mnada wa vitu vilivyotolewa sadaka: ndizi, mayai, pengine jogoo. Ukiamua kubaki katika usharika huo, mwone mzee wa kanisa akuelekeze jumuiya ya mtaani kwako.