Msimamizi na Watu Wake

Somo la safari hii lawahusu wote waliopewa watu wa kuwaongoza kazini. Tusidhani kwamba twasema na mameneja wa mashirika peke yao. Mwalimu mkuu anao walimu wake, muuguzi wa zamu anao wauguzi walio chini yake, fundi mwashi anao vibarua wawili wa kumkorogea saruji, mwenye duka anaye kijana wa kupima sukari, na mama mwenye nyumba anaye msichana wa kumsaidia kazi. Huyu wa mwisho husahauliwa sana katika mafundisho ya namna hii, nasi tutamrudia.

Tumechukua mifano miwili. Wa kwanza ni wa zamani, wa Nehemia aliyeujenga upya ukuta wa Yerusalemu. Wa pili ni wa nchi yetu wenyewe, wa miaka ya 1971 hadi 1973, ambao wazee miongoni mwetu wanaukumbuka na vijana wengi hawajapata kuusikia.

NEHEMIA ATAZAMA KABLA YA KUSEMA

Nehemia hakuwa mjenzi. Kazi yake ilikuwa kumnywesha mfalme Artashasta divai. Alifika Yerusalemu akiwa na barua za mfalme mkononi, na kwa barua zile angeweza kuwakusanya watu siku ile ile na kuanza kutoa amri. Hakufanya hivyo. Alikaa siku tatu kimya. Kisha akaondoka usiku pamoja na watu wachache na mnyama mmoja wa kupanda, akauzunguka ukuta uliobomoka, mpaka akafika mahali ambapo mnyama wake hakuwa na nafasi ya kupita (Nehemia 2:11-16). Baada ya kuyaona kwa macho yake ndipo aliposema na wakuu na watu. Tena aliposema hakuwashutumu kwamba wameuacha mji wao ukae magofu. Alijitia pamoja nao katika aibu ile, akawaalika wajenge pamoja naye.

Linganisheni na mkubwa mpya wa ofisi tunayemfahamu sote. Siku ya kwanza anahamisha meza, siku ya pili anabadili zamu, siku ya tatu anamwita karani aliyekaa pale miaka 18 na kumwambia kwamba utaratibu wake wa mafaili ni wa kizamani. Huenda ni wa kizamani kweli. Lakini bado hajauliza kwa nini uliwekwa hivyo, na karani naye hatamwambia tena jambo lolote.

Mlango wa tatu wa kitabu kile wasomaji wengi huuruka, kwa sababu ni orodha ndefu ya majina na malango. Sisi twawaomba msiuruke. Humo mmeandikwa nani alijenga wapi. Yumo Uzieli, wa wafua dhahabu. Yumo Hanania, wa watengenezaji wa manukato. Mtu wa marashi amepewa mawe! Yumo Shalumu pamoja na binti zake. Tena wengi wao wameandikwa kuwa walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, na hapo pana akili ya msimamizi, maana mtu hailipui kazi ya ukuta ambao watoto wake watalala nyuma yake.

Watekoi nao wamo. Wakuu wao walikataa kutia shingo zao kazini, na jambo hilo limeandikwa bila kufichwa (3:5). Walakini watu wa kawaida wa Tekoa walipomaliza sehemu yao waliongeza sehemu ya pili, na hilo nalo limeandikwa (3:27). Msimamizi aliyeandika hivyo alikuwa anaona. Hakuwasifu wote kwa neno moja wala kuwalaumu wote kwa ajili ya wachache. Kazini kwetu sifa hutolewa kwa mafungu siku ya sherehe ya mwisho wa mwaka, "wafanyakazi wote mmefanya vizuri", na yule aliyekesha akimalizia hesabu za bohari anapiga makofi pamoja na yule aliyekuwa hayupo.

KILIO KATIKATI YA KAZI

Ukuta ulipofika nusu ya kimo chake, shida ilitoka ndani. Watu walilia kwamba wameweka rehani mashamba yao ili wapate nafaka, wamekopa fedha ili walipe kodi ya mfalme, na watoto wao wanatiwa utumwani. Na wanaowadai si wageni bali ndugu zao (Nehemia 5:1-5).

Nehemia angeweza kujibu kama wajibuvyo wakubwa wengi: "Mambo ya nyumbani yaache nyumbani, hapa ni kazini." Yeye alisikiliza. Alikasirika sana, lakini yafaa tuone utaratibu wa hasira yake. Kwanza alifanya shauri moyoni mwake, ndipo akagombana na wakubwa, na kwa kuwa dhuluma ilikuwa ya hadharani, aliita mkutano mkubwa ikasemwe hadharani. Akakiri pia kwamba yeye na ndugu zake na watumishi wake wanawakopesha watu fedha na nafaka, akataka riba ile iachwe na wote. Mashamba yakarudishwa.

Kisha twasoma habari ya posho. Muda wa miaka 12 alipokuwa liwali, Nehemia hakula chakula cha liwali. Maliwali waliomtangulia walitoza watu chakula na divai, na fedha shekeli 40 juu yake. Na Maandiko yanaongeza jambo dogo ambalo twalipenda sana kwa ukweli wake: hata watumishi wa maliwali wale waliwatawala watu (5:15). Kila ofisi inamjua mtu wa namna hii. Yeye si mkubwa, bali yu karibu na mkubwa. Huenda ni dereva, au mpiga chapa, au shemeji. Watu humwogopa kuliko meneja mwenyewe, na malalamiko yote ni lazima yapite kwake. Msimamizi asiyetazama watu wa mlangoni pake wanafanya nini kwa jina lake, hawezi kusema kwamba hakuhusika.

Ukuta ulimalizika kwa siku 52.

FUNGU LA 15

Sasa tuje kwetu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 mabenki na makampuni mengi makubwa yaliwekwa chini ya umma. Walioyaongoza sasa walikuwa wananchi wenzetu, na watu walitazamia kwamba lugha ya kazini itabadilika. Mwaka 1970 Rais alitoa waraka wa kuanzisha mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma. Mabaraza yale yalikuwa ya kushauri tu, na wakubwa walikuwa na viti vingi ndani yake. Wafanyakazi wakaona upesi kwamba wanaitwa kusikiliza zaidi kuliko kusema.

Ndipo Februari 1971 Halmashauri Kuu ya TANU ilipotoa Mwongozo. Fungu lake la 15 lilihusu mwenendo wa viongozi. Lilitaka usawa ujengwe kati ya kiongozi na anaowaongoza, likamkataza kiongozi majivuno, anasa, dharau na uonevu. Maneno yale yalisomwa sana. Wafanyakazi wengi waliijua namba ya fungu lile kama wajuavyo namba ya nyumba zao, na meneja aliyetukana aliweza kusomewa fungu papo hapo.

Kuanzia mwaka 1971 hadi 1973 kazi zilisimama mahali pengi, hasa Dar es Salaam. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walikwenda mbali zaidi: walikishika kiwanda na kukiendesha wenyewe. Issa Shivji aliandika habari za migomo ile katika kitabu chake cha mwaka 1976 juu ya mapambano ya matabaka katika Tanzania. Jambo la kuangaliwa na wasimamizi wa leo ni hili: migomo mingi ya wakati ule haikuanza kwa sababu ya mshahara. Ilianza kwa tusi, kwa mtu kufukuzwa bila kuelezwa sababu, kwa mkubwa asiyewapa watu nafasi ya kusema. Mshahara mdogo watu walikuwa wameuzoea. Walilolikataa ni kudharauliwa na mtu aliyesoma shule moja nao.

Wako watu wasemao kwamba Mwongozo uliharibu nidhamu ya kazi. Tusiwapuuze. Ni kweli baadhi ya wasimamizi waliogopa kukemea chochote, hata mtu akija saa nne, wasije wakaitwa waonevu. Wengine walijifungia ofisini wakatuma barua badala ya kusema na watu. Lakini kwa maoni yetu kosa hilo si la Mwongozo. Ni la watu waliokuwa wakijua njia moja tu ya kuongoza, yaani ukali; walipokatazwa ukali wakabaki mikono mitupu. Walidhani kwamba kuacha kutukana ni kuacha kuongoza.

JINSI YA KUMRUDI MTU

Basi mtu amrudi mwenzake namna gani? Tuchukue mfano wa kutunga. Mtunza bohari amechelewa mara tatu wiki hii, na magari ya mizigo yamesimama nje yakimngoja. Msimamizi mkali atampigia kelele mbele ya madereva. Msimamizi mwoga atanyamaza, kisha mwisho wa mwezi atamwandikia barua ya kuachishwa, na mtu ashangae maana hakupata kuambiwa kitu. Wote wawili wamemdhulumu, na huyu wa pili tunamwona ni mbaya zaidi, kwa sababu alijifanya mpole.

Amwite peke yake, siku ile ile, mlango ukiwa umefungwa. Aseme kilichotokea kwa siku na saa, si kwa majina kama "mvivu" au "huna adabu", kwa maana saa yaweza kurekebishwa, lakini mtu akishaitwa mvivu hana la kujibu. Kisha amwulize, na akishauliza anyamaze. Pengine atasikia kwamba mama wa mtunza bohari amelazwa na yeye ndiye apelekaye uji alfajiri. Hapo dawa ni kubadilishana zamu na mwenzake kwa majuma mawili. Pengine atasikia sababu isiyo na kichwa wala miguu. Hapo amwambie wazi kinachotakiwa na kitakachofuata asipobadilika, na aandike. Na baada ya juma moja, mtu akiwa amerekebika, msimamizi amwambie kwamba ameona. Hili la mwisho husahauliwa karibu siku zote.

Sheria ya Tanzania Bara nayo yaelekea huko huko. Chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini iliyotungwa mwaka 2004, haitoshi mwajiri kuwa na sababu ya kumwachisha mtu kazi. Sababu iwe ya haki, na utaratibu uwe wa haki, pamoja na kumpa nafasi ya kujitetea. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa juma. Likizo ya mwaka ni siku 28, nayo ni yenye malipo.

YULE WA NYUMBANI

Tuliahidi kumrudia msichana wa kazi. Sheria tuliyoitaja haikumwacha nje. Yeye ni mwajiriwa kama karani wa benki. Walakini ni nyumba ngapi ambazo yeye ana saa 45 kwa juma? Huamka kabla ya adhana kuwasha moto, na hulala baada ya kufunga milango. Likizo yake ni pale anapopata msiba kwao. Mshahara wake "anawekewa", na siku anapouomba hesabu inakuwa na makato ya glasi zilizovunjika. Na bwana na bibi wa nyumba hiyo huenda ndio wanaolalamika kwa uchungu juu ya meneja wao asiyesikiliza watu.

Torati ilikwisha kusema habari ya ujira wa maskini, kwamba apewe siku ile ile kabla jua halijachwa, kwa sababu ameutumainia (Kumbukumbu la Torati 24:14-15). Kwa kazi ya mwezi, siku ile ile ni siku ya mwisho wa mwezi, mkononi mwake mwenyewe, si mkononi mwa shangazi aliyemleta. Tena tukubaliane naye tangu mwanzo kazi zake ni zipi, ana siku gani ya mapumziko, na kama atakwenda kushona au kusoma jioni. Mapatano hayo yaandikwe. Karatasi moja ya daftari yatosha, kila mmoja abaki na nakala yake.

YA KUZUNGUMZA KATIKA VIKUNDI

Someni Nehemia mlango wa 5 wote, sauti moja ikisoma polepole. Mahali pako pa kazi, malalamiko ya mtu wa chini kabisa hupita kwa nani kabla ya kufika kwa mkubwa, na hufika yakiwa na umbo gani?

Wale wenye umri wa kutosha wasimulie waliyoyaona kazini miaka ya Mwongozo. Vijana waulize maswali, wasikatizwe.

Swali la mwisho ni la kujibu nyumbani, si kikundini. Anayekupikia, je, wajua jina la kijiji chake na siku aliyopumzika mara ya mwisho?